Kananu na Website Iliyopewa Tano kwa Tano

Ukitaka kumuona Winfred Kananu akipandwa na hasira mpaka miwani iingie ukungu, usimtukane. Usimruke kwenye foleni. Mwambie tu, kwa upole wako wote, "Iko sawa."

Kananu ni mkutubi. Hapana, si wale wa kuweka kidole mdomoni na kusema shhh. Huyu wetu ndiye anapiga kelele. Anafanya kazi kwa maktaba ya chuo kimoja hapa Embu na anakaa mtaa wa Dallas, hapa hapa mjini, lakini amezaliwa Meru, mtaa wa Majengo kabisa, nyuma ya bucha. Na mtu amelelewa nyuma ya bucha za Majengo anajua kitu moja: ukiuziwa mifupa, unasema hapo hapo, ukiwa bado umeishika, mwenye bucha anakujibu kwa sauti hiyo hiyo, na kesho mnasalimiana kama kawaida. Halafu akaja Embu. Hapa mlango unaweza kumbana mtu kidole, na ni yeye ataomba mlango msamaha.

Sasa chukua huyo msichana umpe kazi ya kuuliza watu wa Embu kama website ni mbaya. Si hiyo ni kumtafutia presha?

Website yenyewe ilikuwa mpya, ya maktaba, watu walikuwa wameanza kuitumia mwaka jana lakini haijazinduliwa rasmi. Ilitengenezwa na Elphas Mwenda wa kompyuta, naye pia Mmeru, lakini wale wapole, kijana anapendwa na kila mtu mpaka mbwa wa geti. Bosi wa maktaba, Dk. Gachoki, alitaka izinduliwe Ijumaa, na tenti, na wageni, na keki. Lakini sheria ya chuo inasema kabla ya kuzindua lazima watu waijaribu na mtu aandike ripoti. Ripoti ikisema iko poa, imepita, na hakuna mtu ataigusa tena mpaka mpango ule mwingine wa miaka mitano. Na hiyo mipango si tunaijua?

Kazi ya kujaribisha watu na kuandika ripoti ikaangukia Kananu. Angeifanya tu kama kazi nyingine. Lakini Jumatatu ya wiki hiyo, Mama Ciakuthii akakuja kwa dawati lake.

Mama Ciakuthii ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kanja, karibu na mlima. Amesomesha watoto wake wote wakamaliza, akasema sasa ni zamu yake. Anasoma digrii kutoka nyumbani, halafu shule zikifungwa anakuja chuo na wenzake. Alikuwa amebakisha tu ile tasnifu ya mwisho, na msimamizi wake alikuwa amemrudishia mara mbili na maneno yale yale kwa kalamu nyekundu: tafuta makala mapya. Makala mapya yako kwa website ya maktaba. Na sasa Mama alikuwa hapo, amevaa sweta ya kanisa, akiweka kadi yake ya maktaba juu ya dawati kama mtu anarudisha sahani ya jirani.

"Nimekuja kuwaaga, mwanangu. Nitapumzika kidogo."

"Kupumzika aje, Mama? Umebakisha kitu kidogo hivi!"

"Hii kichwa yangu imezeeka. Nikiwa hapa chuo nasaidiwa. Nikifika nyumbani nikifungua hiyo website, inakataa. Nabonyeza, inakataa. Ni mimi sijui kubonyeza."

"Inakataa ikisema nini?"

"Sijui. Ni kizungu mingi, halafu inakuwa nyeupe. Lakini website yenu iko sawa. Iko sawa kabisa. Shida ni mimi."

Hapo ndipo miwani ikaingia ukungu. Mtu anataka kuacha masomo juu ya website, na bado anaisifu! Kananu akamrudishia kadi. "Mama, nipe mpaka Ijumaa. Usiache kitu. Tafadhali." Mama akakubali, lakini ile kukubali ya Embu, unajua, ambayo haimaanishi chochote.

Jumanne watu wa kujaribu wakafika. Walikuwa walimu, kikundi kizima cha wale wa kusoma likizo, na mbele yao Mwalimu Runji, mtu wa kofia na kalamu mbili mfukoni. Dk. Gachoki alikuwa ameagiza wakaribishwe vizuri, so kabla mtu ashike kompyuta kukapitishwa chai ya maziwa, mayai, nduma na mkate wa siagi. Walikula. Waliomba wakamaliza. Ndio wakaketi mbele ya skrini, wametosheka, wanapenda dunia nzima.

"Nitawapa vitu vya kutafuta," Kananu akawaambia. "Mkitafuta, mseme kwa sauti kila kitu mnafikiria. Kila kitu, hata kama ni kibaya."

Wakaangaliana. 

"Mwalimu Runji, unafikiria nini saa hii?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Umesema kila kitu. Nimeacha ng'ombe na kijana hajui kukamua."

Akawaambia watafute kitabu cha saikolojia ya watoto. Sasa kwa ile website, mahali pa kutafuta vitabu palikuwa pameandikwa OPAC, ambayo wakutubi wanajua ni orodha ya vitabu, na hakuna binadamu mwingine chini ya jua anajua. Walimu wakaizunguka hiyo OPAC kama watoto wanazunguka nyoka amekufa. Mmoja akabonyeza picha ya jengo la maktaba akitarajia mlango ufunguke. Mwingine akafungua ukurasa wa matangazo, akasoma kwamba maktaba itafungwa Pasaka, akatikisa kichwa kwa heshima. Pasaka yenyewe ilikuwa ya kabla ya korona, imehamishwa tu kutoka website ya zamani. Kwa ukurasa wa wafanyakazi kulikuwa na picha ya mzee mmoja alistaafu kitambo, na Runji alipomuona akafurahi sana. "Kumbe bado ako!" Hayuko, Mwalimu. Hayuko.

Halafu Kananu akaona kitu kilimmaliza. Walimu walikuwa wanapeana majibu. Hawa watu wanashika watoto wakiibia mtihani kila siku, na hao hapo, shingo zimerefuka kama za batamzinga, wanakopiana nani amebonyeza wapi!

"Walimu, si mtihani jamani!"

"Tunasaidiana tu," mmoja akasema. "Tusikuangushe."

Hakuna mtu alipata kile kitabu. Hakuna hata mmoja. Kisha akawapa karatasi ya maswali: ni rahisi kutumia? Unaelewa maneno? Kutoka moja, mbaya sana, mpaka tano, nzuri sana. Wakatia tano. Kila swali, kila mwalimu, tano.

"Mwalimu Runji, si kitabu hukupata?"

"Sikupata."

"Sasa tano ya nini?"

Runji akamuangalia kama mtu anamuangalia mtoto wake mwenyewe akiuliza upumbavu mbele ya wageni. "Msichana wangu, umetupokea vizuri, umetulisha nduma. Nikutilie mbili? Mimi ni mtu wa aina gani?"

Wacha tu. Dk. Gachoki alipoona hizo karatasi alicheka mpaka akakohoa. "Tano tupu! Elphas, umefaulu kuliko wanafunzi wote wa chuo." Elphas akainama akitabasamu, na Kananu akaenda kwa choo cha wafanyakazi akaongea na ukuta.

Jioni hiyo ndio wazo lilimkujia, na lilikuwa wazo la Majengo, si la Embu. Kama hawawezi kusema ubaya wa kitu cha mwenye amewalisha, basi asiwalishe. Na website isiwe yake. Iwe ya nani? Aii. Ya nani sasa, Embu hii?

Jumatano akawaita tena. Hakuna chai. Kwa kila skrini alikuwa amebandika karatasi juu ya nembo ya chuo.

"Walimu, leo nataka msaada. Hii website ni ya tawi jipya, lile litafunguliwa Meru. Wameitengeneza watu wa Meru wenyewe. Wanadai ni nzuri kushinda yetu."

Nakwambia hakuongeza neno lingine. Embu na Meru ni majirani wa kushindana tangu zamani. Walimu wa Embu walivuta viti karibu. Mmoja akakunja mikono ya shati.

"Wapi mahali ya kutafuta? Wameificha? Wanaogopa itaibiwa?"

"OPAC ni nini? Hii ni jina ya mtu?"

"Angalia hii menyu! Vitu vimerundikwa kama mitumba siku ya soko."

"Hizi picha mbona zinakimbia? Nasoma, inakimbia. Huyu aliitengeneza akiwa ametafuna miraa, haki ya Mungu. Mkono haukuwa unatulia."

"Pasaka ya mwaka gani hii? Wameru hawana kalenda?"

Runji ndiye alikuwa mbaya kuliko wote. Alitoa kalamu zote mbili. Aliandika mbele ya karatasi, akaandika nyuma, akaomba nyingine. Kila swali alitia moja, na kwa swali la mwisho akachora sifuri yake mwenyewe, nje ya mstari, akaizungushia duara. "Waambie," akasema akitoka, "wakihitaji msaada watuite. Sisi hatuna roho mbaya."

Kananu alikuwa ameandika mpaka vidole vikakufa ganzi. Walikuwa watu wale wale na website ile ile, hata nukta haikubadilishwa, na hakuna hata mmoja aliitambua. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Embu alisikia watu wakilalamika vizuri, kwa moyo wote, na karibu alie, kama mtu amerudishwa nyumbani Majengo.

Alhamisi asubuhi akaweka zile karatasi kwa meza ya Dk. Gachoki, Elphas akiwa ameketi kando. Elphas akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Masikio yakaanza kupata moto.

"'Ametafuna.' Wameandika nimetafuna?"

"Elphas, achana na hiyo. Soma hiyo ya menyu."

"Kananu, wewe ni dada yangu wa Meru. Unaenda kuwaambia hawa watu ni kitu ya Meru, ulitarajia nini? Hata ungewaonyesha mbinguni uwaambie imejengwa na Wameru, wangesema ngazi ni mbaya."

Na Dk. Gachoki, ambaye ni mtu wa Embu lakini pia ni daktari wa vitabu, akavua miwani polepole. "Winfred, hawa umewadanganya. Na umewachochea. Hii siwezi kupeleka kwa kamati. Tutatumia ile ya Jumanne."

"Ile ya nduma, Daktari? Ile ni uongo pia!"

"Ni uongo yao. Hii ni yako."

Na hapo ndio uchungu ulikuwa, maana mzee alikuwa sawa. Kananu alijua yuko sawa. Alikuwa na ripoti mbili, moja imenunuliwa na chai, nyingine imenunuliwa na ubishi wa kaunti, na kesho ilikuwa Ijumaa. Na hata hao walimu na matusi yao yote hawakuwa wamejibu kitu moja: mbona kwa Mama Ciakuthii inakuwa nyeupe? Hapa chuo haikuwahi kuwa nyeupe. Hata Runji na sifuri yake hakuiona nyeupe.

Akamngoja Elphas kwa korido. "Unamkumbuka Mama Ciakuthii? Yule ulimrudishia paswadi mwaka jana?"

"Mama wa Kanja? Si aliapa atanichinjia kuku."

"Kuku bado yuko hai. Twende leo."

Elphas alikuwa amekasirika, lakini si kiasi cha kukataa kuku. Akatoa pikipiki.

Mama Ciakuthii aliwaona tu kwa lango akaanza kukimbiza kuku mwenyewe, na leso kiunoni. Huwezi kumharakisha mtu hapo. Waliketi, wakaonyeshwa picha za watoto wote na gauni zao za kufuzu, wakala kuku na mukimo, wakaongezwa bila kuulizwa. Kananu alikuwa anakula huku akiangalia saa. Sahani zilipotolewa hakuweza kungoja tena.

"Mama, fungua ile website. Elphas aone vile inafanya."

"Aii, mtoto amekula sasa hivi. Asisumbuliwe na makosa yangu."

"Mama. Fungua."

Akafungua, kwa simu, na kidole kimoja, taratibu, akiandika paswadi huku midomo inatamka kila herufi. Akatafuta makala. Akabonyeza. Kizungu kingi, halafu nyeupe.

"Umeona? Ni mimi," akasema, karibu kwa furaha, kama mtu amethibitisha ugonjwa wake kwa daktari.

"Hapana, ngoja." Elphas akachukua simu. Akabonyeza yeye. Nyeupe. Akatoa yake mwenyewe, ile kubwa, akaingia na jina lake la kazi. Nyeupe. Akatoka nje mpaka kwa zizi akitafuta mtandao, ng'ombe akimuangalia. Mtandao ulikuwa mwingi. Kundi la chama la Mama lilikuwa linaingiza jumbe moja juu ya nyingine, watu wanatumiana maua.

Aliporudi alikaa chini, akamrudishia Mama simu yake. 

"Ni huu mlima," Mama akamwambia, akimpigapiga mkono. "Huwa unazuia vitu."

"Mama, mlima hauna makosa." Elphas akapangusa uso. "Ni mimi. Nilipokuwa natengeneza website nilifunga makala, yasifunguke nje ya chuo mpaka niimalize. Halafu sikufungua. Kwa ofisi yangu inafungua kila siku, sasa ningejua aje?" Akamgeukia. "Tangu mwaka jana, Mama! Mbona hukuniambia?"

Mama Ciakuthii alishangaa kabisa. "Ulinipokea vizuri ile siku ya paswadi. Hata ulinipa kiti chako. Sasa mimi nianze kukuambia kazi yako ni mbaya?"

Elphas akaangalia mifupa ya kuku kwa bakuli. Nafikiri hapo ndio zile karatasi za Jumatano zilimwingia, na OPAC na Pasaka na yote. Akatoa simu akapigia Dk. Gachoki, akaweka sauti kubwa bila kujua.

"Daktari, tusizindue kesho."

"Elphas, tenti iko juu! Ni Winfred amekuambia hivyo?"

"Ni mimi nasema. Niko Kanja. Huku haifunguki. Haijawahi kufunguka."

"Walimu wametia tano."

"Daktari, walitia tano wakiwa chuo, na wakiwa wameshiba. Mimi ndio niliitengeneza na siwezi kuitumia. Hiyo andika kwa ripoti na uweke jina yangu."

Kuku mmoja aliyebaki akapita mlangoni kwa tahadhari. Kisha Dk. Gachoki akauliza kwa sauti ndogo, "Na keki nifanyie nini?"

Ijumaa tenti ilikuwa juu, wageni walikuja, hotuba zikasomwa, keki ikakatwa. Website haikuzinduliwa. Na unajua nini? Hakuna mgeni hata mmoja aliuliza iko wapi. Walikula, wakasema sherehe imekuwa nzuri, wakaenda nyumbani. Kananu alisimama nyuma ya tenti akiuma meno mpaka taya likauma.

Lakini Elphas hakula keki. Alikuwa ofisini anafungua alichofunga. Wiki iliyofuata OPAC ikatolewa, mahali pake pakaandikwa Tafuta Kitabu, kubwa, juu kabisa. Picha zikaacha kukimbia. Pasaka ikafutwa. Mzee aliyestaafu alitaka abakishwe, sijui nani alimpigia akamwambia, lakini hiyo ni vita nyingine bado inaendelea.

Jumapili moja Kananu alikuwa Dallas akifua, simu ikalia. Mama Ciakuthii, ametoka kanisa, hata hakusalimia.

"Kananu, nimefungua hiyo makala. Ile ya watoto wa chekechea."

"Imefunguka, Mama?"

"Imefunguka jana. Nimesoma mpaka leo asubuhi kabla ya ibada, sura ya pili inaenda vizuri. Lakini sikiliza. Hizi herufi ni ndogo kama mayai ya chawa. Mliandikia nani? Na nikitaka kurudi nyuma inanirudisha mpaka mwanzo kabisa, naanza tena kama mjinga. Hii si kazi nzuri, mwanangu. Hii hapana!"

Kananu aliacha nguo kwa beseni, akapangusa mikono kwa sketi, akatafuta kalamu.

"Rudia hiyo ya kurudi nyuma, Mama. Pole pole. Naandika."